Moshi wa Uunsi Ulipokataa Kupanda

Nyumba yangu iko nyuma ya soko la mifugo la Garissa, na hewa yake inapita juu ya dari. Si kile kiyoyozi cha kuning'inia ukutani ambacho kila ofisi ya mji huu inacho. Huu ni mfumo kamili: mashine moja imekaa darini, mabomba mapana yanapeleka ubaridi kila chumba, na sebuleni kuna tundu kubwa linalovuta hewa ya ndani na kuirudisha kwenye mashine ipoe tena. Nimeuchora mwenyewe na kuufunga mwenyewe. Sijaona mwingine kama huo kwenye nyumba ya mtu kuanzia darajani hadi Modogashe, na nimetafuta.

Nilikaa Sharjah miaka kumi na moja. Nilifika nikifagia ngazi za jengo la ghorofa thelathini, nikaondoka nikiwa na diploma ya mitambo ya hewa na funguo za chumba cha mitambo cha jengo lilelile. Diploma nimeitundika sebuleni, na chini yake nilitundika kadi. Kwenye kadi niliandika tarehe za kubadilisha kichujio, yaani ile fremu ya karatasi iliyokunjwakunjwa inayokaa ndani ya tundu la kuvuta ili kushika vumbi. Kila miezi mitatu, kama nilivyofundishwa. Nilileta vichujio kumi na viwili kwenye kontena, vya kutosha miaka mitatu. Ndivyo nilivyoipangia nyumba yangu, na sikuwahi kuchelewa hata siku moja.

Nakuandikia wewe unayekohoa na kila wiki unaambiwa jambo jipya. Mimi nimetoka huko. Sitakufundisha udaktari, sikuusomea. Nitakueleza nilichokiona.

Kikohozi kilianza wakati wa hagaa, ule msimu wa upepo mkavu unaobeba mavumbi ya mbuzi na kuyamwaga mlangoni mwetu. Kilikuwa kikavu, kama cha mtu anayebisha hodi. Sikukijali. Mvua za deyr, vuli yetu, zilipoanza kunyesha, watu wakafurahi kwamba vumbi limetulia, mimi nikaanza kusimama katikati ya kupanda ngazi za wateja wangu nikijifanya nakagua ukuta. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Jioni nilikuwa na homa ndogo, asubuhi imeondoka.

Hospitalini walinipa dawa za nimonia za siku saba. Nikamaliza. Wakanipa nyingine za siku kumi. Nikamaliza. Kisha muuguzi akanipa kikopo kidogo chenye mfuniko, akaniambia nikohoe humo asubuhi kabla ya kula, na nikajua wanatafuta nini.

Mtu wa kwetu akisikia neno TB haulizi majibu yametoka lini. Mama yangu, ambaye sote tunamwita Hooyo, alikitoa kikombe changu kabatini akakiweka dirishani peke yake. Watoto wawili walipelekwa kulala kwa dada ya mke wangu. Hodan, mke wangu, alikataa kuhama, lakini alianza kulala akinipa mgongo, na ule mgongo nilikuwa nauona hata nikifumba macho. Kikombe kilikaa dirishani wiki tatu. Majibu yalitoka hakuna TB. Wakarudia, hakuna. Hooyo akakirudisha kikombe kabatini, safari hii upande wa mbele kabisa, akakifuta kwa ncha ya shuka yake. Ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na niliipokea.

Kwenye benchi la kungojea nilijifunza kuhesabu watu kwa vifua vyao. Siku moja alikaa karibu nami mzee aliyetoka Banissa, siku mbili njiani, ametangulia kwenye foleni tangu alfajiri. Muuguzi, dada wa kutoka Ukambani, aliita jina lake.

"Mzee, ingia. Zamu yako."

Mzee akaninyooshea fimbo. "Ingiza huyu kwanza. Huyu nabumua kama jenereta ya mafuta mbaya. Akizima hapa, mimi naweza lala kweli?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mzee akanisukuma kwa kiwiko hadi mlangoni. Sijui jina lake. Namwombea kila Ijumaa.

Wageni walianza kuja. Unajua desturi yetu: mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Wanaume waliketi sebuleni wakanisomea Kurani, wanawake walileta chai ya maziwa ya ngamia, na kila wageni walipoingia, Hooyo aliwasha dabqaad, kile chetezo chetu cha udongo, akamwaga uunsi juu ya makaa. Uunsi wa Hooyo ni sukari, manukato na ubani, na moshi wake ni mzito kama blanketi. Milango ilifungwa ili ubaridi usitoke. Nikakaa kifalme, mito minne mgongoni, hewa baridi juu yangu, harufu nzuri kila upande, na kila siku nikazidi kuishiwa pumzi.

"Mama, moshi," nilisema siku moja.

"Harufu ya ugonjwa ndani ya nyumba inamvunja mgonjwa moyo," akanijibu. "Vuta. Uunsi haujaua mtu."

Hodan alikuwa amesimama na sinia la chai. Akaangalia juu. "Zamani moshi ulikuwa unapanda pale," akasema akionyesha tundu la kuvuta kwa kidevu. "Unakwenda moja kwa moja kama mtu anayeitwa. Siku hizi unazurura tu."

"Kichujio kina wiki tano," nikamwambia. "Soma kadi."

"Nakusomea moshi, wewe unaniambia nisome kadi."

"Hodan, mimi nilikuwa natunza hewa ya watu elfu moja."

"Na sasa unashindwa kuzima mshumaa," akasema, akaondoka na sinia.

Nilikasirika. Naandika ukweli: nilikasirika kuliko nilivyokasirika nilipodhaniwa nina TB. TB ingekuwa imetoka kwa mtu mwingine.

Jilaal ilifika, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, na nikapandishwa basi la Nairobi. Daktari wa mapafu alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotegemea, na mimi mtu mwenye vyeti hupenda kuona vyeti vya wenzangu, basi nikasoma ukuta wake wote kabla sijaketi. Akanisubiri nimalize. Nikampenda kwa hilo.

Walinipitisha kwenye ile mashine ya duara inayopiga picha za kifua. Daktari akanionyesha mapafu yangu kwenye skrini, yamejaa ukungu kama kioo cha bafuni.

"Mapafu yako yanagombana na kitu unachokivuta," akasema. "Unafuga njiwa?"

"Hapana."

"Kuku? Nyasi kavu, nafaka iliyovunda?"

"Nafuga hewa safi," nikamwambia. Nikamweleza mfumo wangu wote, mabomba, mashine, vichujio kumi na viwili. Nilieleza vizuri. Alisikiliza kwa makini sana, na alipoanza kuandika nikadhani anataka na yeye afungiwe.

"Ukisafiri nje ya nyumba hiyo, unapata nafuu?"

Tangu niugue sikuwa nimelala popote ila kwangu na hospitalini.

Akanipa vidonge vya kutuliza ule ugomvi, na maneno ambayo sijayasahau. Alisema ukungu ule unaweza kuondoka. Lakini nikiendelea kuvuta hicho kitu, mapafu yatakakamaa kama ngozi iliyoachwa juani, na ngozi ya namna hiyo hairudi kuwa laini. "Una miezi, si miaka. Kitafute. Usipokipata, hama nyumba."

Hama nyumba! Nilirudi Garissa na neno hilo limenikwama kifuani pamoja na mengine yote. Nyumba ile ndiyo miaka yangu kumi na moja. Kaka zangu walibaki na mifugo, mimi nilirudi na dari.

Vidonge vilinipa mambo mawili, pumzi na uso. Uso ulivimba ukawa duara. Nilikula kama niliyefungua saumu kila saa. Hooyo alifurahi: "Umenona, mashaAllah, umefanana na diwani." Nilikuwa na mashavu ya diwani na miguu ya korongo. Lakini nilipanda ngazi. Kisha daktari akaanza kupunguza vidonge kidogo kidogo, na kila alipopunguza, ile pumzi niliyokopeshwa ikaanza kurudi ilikotoka.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoamka. Mimi nimezoea kutafuta hitilafu. Mashine ikikataa kupoza, huwezi kulaumu ukuta. Unakagua sehemu moja moja. Nilinunua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu (mwenye afya hufika tisini na tano na zaidi), nikaanza kujipima kila asubuhi baada ya kutembea hadi lango na kurudi. Tisini na moja. Tisini. Themanini na tisa. Kisha nikafunga safari kwenda Modogashe kwa dada yangu Fardosa, nikae siku kumi, nione.

Fardosa ana hoteli ya chai penye njia panda, pale malori ya Isiolo yanapolala. Nilipoteremka nikajuta. Moshi wa dizeli, vumbi la magurudumu, kuni mbichi jikoni, ngamia wakipita na mavumbi yao. Hewa unayoweza kuitafuna.

"Unakuja kupona hapa?" Fardosa akacheka. "Hata nzi wa hapa wanakohoa."

"Nafanya utafiti."

"Fanya. Lakini ukifa kwenye kiti changu, wateja watakimbia."

Siku ya tatu, tisini na tatu. Siku ya sita, tisini na tano. Siku ya tisa nilibeba kreti ya soda kutoka kwenye lori hadi jikoni bila kusimama, na nikajikuta naimba. Nilikaa juu ya hiyo kreti nikikiangalia kidole changu. Ilikuwaje? Katika hewa chafu kuliko zote nilizowahi kuvuta nilikuwa mzima, na katika hewa safi kuliko zote niliyoitengeneza kwa mikono yangu nilikuwa nakufa. Niliona ni kinyume cha kila nilichosomea, na kwa mara ya kwanza tangu niugue niliacha kuogopa. Nilitaka tu kujua.

Nilirudi mvua za kwanza za gu, masika yetu, zikianza. Siku ya pili nyumbani, tisini na mbili. Siku ya nne, themanini na tisa.

Nikaanza kukagua. Nililala chumba cha watoto. Nikabadilisha godoro. Nikahamisha mazulia uani. Niliacha maziwa siku mbili, Hooyo akanuna. Nilikaa kila chumba saa nzima na kifaa kidoleni, nikiandika kwenye daftari, na vyumba vyote vilikuwa na majibu yaleyale mabaya.

Hodan alikuwa ananiangalia kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Umepima kitanda, umepima zulia, umempima mbuzi wa jirani," akasema. "Juu hujapima."

"Hodan, kadi..."

"Bishaar." Huwa hataji jina langu; huniita baba fulani kwa jina la mtoto wetu mkubwa. "Bishaar, kadi haivuti pumzi."

Ilikuwa saa sita mchana. Akaenda jikoni, akarudi na dabqaad, punje moja tu ya uunsi juu ya kaa moja. Akapanda juu ya stuli, akakiinua chetezo hadi chini ya lile tundu la kuvuta. Mashine ilikuwa inavuma juu kama kawaida, kwa nguvu, nilikuwa najivunia ule mvumo. Na moshi ulipanda hadi karibu na tundu, ukasita, ukajitandaza chini ya dari, ukarudi kwetu polepole. Uzi mmoja mwembamba tu ndio ulioingia, na haukuingia katikati. Ulijipenyeza pembeni, kwenye ukingo wa fremu.

Nilijua maana yake kabla hajashuka. Hewa ikikosa njia ndani ya kichujio, inapita kando yake.

Akanifunga barakoa usoni mwenyewe, mbili, moja juu ya nyingine, ndipo akaniruhusu kupanda. Nilifungua kifuniko. Kichujio nilichokiweka kikiwa cheupe wiki nane nyuma kilikuwa cheusi na kizito, kimenata kama kilichopakwa lami, katikati kimebonyea ndani, kimeachana na fremu yake. Tarehe iliandikwa pembeni kwa mwandiko wangu mzuri. Vya kabla yake navyo vilitoka vyeusi, nikadhani ndiyo kazi yake, nikavibadilisha haraka bila kuchungulia nyuma. Nyuma yake, kwenye mapezi ya mashine, yale mabati membamba ya kupoza hewa ambayo hutoka jasho siku nzima, vumbi la sokoni lililopita kando lilikuwa limelowa na kuota manyoya, ya kijani na meusi, marefu kama ya ndama wa ngamia. Harufu ilipenya barakoa zote mbili: ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Nilishuka. Nikaketi chini, kwenye saruji, mgongo ukutani, diploma juu ya kichwa changu.

Sharjah hatukubadilisha kwa kadi peke yake. Kila mashine ilikuwa na kipimo kidogo chenye mshale, kinachoonyesha feni inavuta kwa taabu kiasi gani; mshale ukifika pekundu tunabadilisha, hata kama tarehe haijafika. Miezi mitatu ilikuwa hesabu ya jengo lenye madirisha yasiyofunguka, zulia hadi ukutani, wala hakuna anayewasha kitu. Nilileta kutoka kule tarehe, nikaacha mshale. Nikaifunga tarehe hiyo juu ya soko la mbuzi, chini ya uunsi wa Hooyo, ambao unanata na kushika kila punje ya vumbi. Na nilipougua, kila mgeni aliyekuja kuniombea alizidisha moshi mmoja. Hakuna aliyekosa ila mimi. Hooyo nilimwambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu alilia.

Daktari aliposikia kwenye simu, hakupiga kelele. "Usiguse," akasema. "Toka humo leo." Kwa hiyo ilinibidi nimwite Mutua.

Mutua anatunza viyoyozi vya ofisi kadhaa mjini. Ana cheti cha miezi tisa, na nilikuwa nimewahi kumwambia, mbele za watu, kwamba miezi tisa ni ya kuzaa mtoto, si ya kuzaa fundi. Alikuja na ngazi yake. Alichungulia juu muda mrefu.

"Bosi," akasema bila kugeuka, "hii ni yako kweli?"

"Ni yangu."

"Cheti changu cha miezi tisa kinasema hii ilishakufa."

"Cheti chako kiko sawa."

Akashuka akanipa mkono. Alifanya kazi siku tatu, akaosha mapezi, akatupa mabomba mawili yaliyooza ndani, na mimi nikahamia kwenye nyumba ya zamani ya Hooyo, ya mabati, ambayo upepo unaingia bila kuomba ruhusa. Humo nilizimaliza mvua za gu, na humo vidonge vilipunguzwa hadi kimoja, hadi nusu, hadi basi. Uso wangu ukarudi. Kifaa kilisema tisini na sita, kisha tisini na saba. Daktari alipopiga picha nyingine, ukungu mwingi ulikuwa umeondoka. Mstari mmoja umebaki chini kulia, mkavu, na huo ni wangu wa kudumu. Nikikimbia nausikia.

Wewe unayesoma, ukiulizwa swali lile, ukisafiri unapata nafuu, usijibu kwa kukisia. Safiri. Hata kwa dada mwenye hoteli ya malori. Na kama una mashine ya hewa, usiiamini tarehe iliyoandikwa na mtu asiyejua mnawasha nini nyumbani kwenu, hata kama mtu huyo ana diploma, hata kama mtu huyo ni mimi, fundi bora wa hewa Garissa nzima. Hilo bado nalisema, na Mutua hunicheka nikilisema.

Uunsi sasa unawashwa barazani. Kipimo chenye mshale nimekifunga, kizuri, kimetoka kulekule. Kadi nimeitoa. Lakini kila Jumamosi Hodan huchukua punje moja ya uunsi na kaa moja, akapanda juu ya stuli, na sisi sote, Hooyo, watoto, mimi na mshale wangu, tunaangalia moshi. Jumamosi ya kwanza ulipanda kama mtu anayeitwa. Ya pili vilevile. Ya tatu na ya nne vilevile.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya tano. Mshale ulikuwa bado hauna wasiwasi. Moshi ulifika chini ya tundu, ukasita kidogo, ukainama.

"Umekataa," Hodan akasema.

Nikauangalia mshale. Nikamwangalia mke wangu. Nikatoka nje hadi barazani, nikavuta hewa hadi kwenye ule mstari wa chini kulia, nikampigia Mutua alete ngazi.